Wimbo wa Pombe Mbaya

Niseme wazi mapema: mimi si mtu wa kupewa pole. Ukinipa nitaipokea, maana nilifunzwa adabu, lakini moyoni nitakuwa nakusonya. Sababu yake ni haya ninayoyasimulia. Yalinipata Iringa, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilipokuwa mpika pombe katika kilabu cha mjini.

Kilabu chenyewe kilikuwa banda refu la matofali, mabati juu, madirisha bila vioo. Serikali ya mji ndiyo iliyokijenga, ili sisi Waafrika tunywe mahali pamoja na Bwana Afya apate kuchungulia vyungu vyetu kwa urahisi. Wapikaji tulikuwa wanawake watupu, kila mmoja na siku yake. Yangu ilikuwa Alhamisi. Mlango ulifunguliwa saa tisa alasiri, na jua likianza kuzama tarishi wa mji aligonga kengele, kila mtu kwake.

Lakini watu hawakutoka Kalenga na Ifunda kwa miguu kuja kuangalia mabati. Walikuja kwa ajili ya benchi. Chini ya dirisha la nyuma palikuwa na benchi moja la mninga, na hapo hakukaa mtu ila fundi. Nasema fundi wa mambo ya kupendeza: wapiga ngoma, waimbaji, mzee mmoja aliyechonga vigoda vya miguu mitatu, na fundi wa rangi aliyeandika majina juu ya maduka ya Wahindi na kuchora simba kwenye milango ya malori. Mkulima akikaa hapo kwa bahati mbaya, aliambiwa, "Haya, imba," naye aliondoka mwenyewe. Mume wangu alikaa mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Alikuwa mpiga ligombo. Asiyelijua ligombo, ni ubao uliochimbwa katikati kama hori la kulishia ng'ombe, uzi mmoja umekwenda na kurudi juu yake mara nyingi, na kibuyu kimefungwa mwishoni ili sauti ipate tumbo.

Benchi lile lilikuwa na sheria yake. Pombe mbaya hailalamikiwi kwa maneno. Inaimbwa. Mpikaji anasimama katikati ya kilabu, anachota kata ya kwanza, anakunywa yeye mwenyewe mbele ya watu ili ionekane haina sumu wala mkono wa mtu. Kata ya pili anaipeleka kwenye benchi. Wanaonja, wanatazamana, halafu wanajibu kwa wimbo. Kama ni nzuri, wanakusifu kwa jina la baba yako. Kama ni mbaya, jamani! Watakuimba wewe na chungu chako mpaka sokoni wakujue. Na si kuimbwa tu. Ilikupasa uucheze wimbo wako mwenyewe, palepale, mpaka mwisho. Ukishacheza unaionja tena, unaimwaga nje kwa mkono wako, na mambo yamekwisha. Mtu akikukumbusha kesho yake, yeye ndiye mkosaji.

Mimi niliimbwa Alhamisi yangu ya kwanza kabisa. Nilikuwa msichana mkavu wa macho, nimetoka Ifunda na vyungu vyangu vitatu nikijiona najua. Kumbe baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imenichezea, kimea hakikushika, pombe ikalala mpaka ikachacha. Mtu wa mwisho wa benchi akaonja, akaweka kata chini polepole, akachukua ligombo lake. Aliimba Kihehe, maana yake ni hivi:

Nzi ameonja, amerudi kwao kuaga,
Mbuzi ameonja, amesahau zizi lake,
Mama mgeni, umetupikia nini?
Hata chungu chenyewe kinakunja uso.

Nilicheza kwa hasira, nikimtazama usoni, na kila mguu niliouweka chini niliuweka kama namkanyaga yeye. Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika. Hakuomba radhi, na mimi sikumsalimu. Alionja akasema, "Inanyweka." Basi. Baadaye tulioana, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kupata sifa iliyoizidi hiyo. Kila Alhamisi asubuhi alichovya kidole katika chungu, akakilamba, akanitazama. Akisema "Inanyweka" nilijifunga kanga yangu nzuri. Akisema "Bado ina mawazo" nilisubiri. Wenzangu walipika kwa ulimi mmoja, mimi nilipika kwa ndimi mbili, na sikujua kwamba ule niliouegemea haukuwa wangu.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, watu wa benchi waliitwa Mbeya kwenda kucheza katika sikukuu ya serikali. Walipanda lori lililobeba mahindi. Mume wangu alikuwa na kikohozi. Nilimwambia, "Mbeya ni baridi, baba, hiyo si baridi ya kwetu." Akanijibu, "Wewe pika pombe yako." Hayo ndiyo maneno aliyoniachia, na sijayaongeza chumvi. Alilala nje siku mbili, ukungu unashuka kutoka mlima Loleza, kichomi kikamshika, siku ya tano akafa hospitalini. Hapakuwa na namna ya kumsafirisha. Walimzika hukohuko Mbeya, na lori liliporudi lilishusha ngoma, likashusha watu, mwisho kabisa fundi wa rangi akashuka na ligombo, amelivingirisha katika blanketi.

Sikulia. Watu walitaka nilie, walikaa wakiningoja. Nilinyolewa nywele, nilivaa kaniki, nilikaa chini kwenye mkeka siku zote zinazotakiwa, na nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi: unaujua kuwa ni wako, unaugusa, haukujibu. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Na kwa kuwa hapakuwa na kaburi, hapakuwa na mtani. Kwetu mazishi bila mtani si mazishi. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu, kwa hiyo leo ni watani, na mtani ndiye anayekuja kwenye msiba kuruka ndani ya shimo na kusema kwamba mtu huyu alikuwa mchoyo, mpeni jembe lake alime huko, mpaka wafiwa wacheke bila kutaka. Kwangu hakuja mtu wa namna hiyo. Walikuja wa pole tu, mmoja baada ya mwingine, sauti za chini.

Ndugu mkubwa wa mume wangu alikuja pia. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Alisema, "Shemeji, mjini utakaa na nani? Mvua zikianza nitakuja na baiskeli. Nikikuta kazi yako inakwenda, nitarudi nilivyokuja. Nikikuta imekushinda, tutafunga vyungu, twende nyumbani. Pale kwangu hukosi nafasi." Nafasi hiyo niliijua. Ni ya mke wa tatu, nyuma ya zizi. Hata jambo hilo halikuniuma. Nilijua tu, kwa akili kavu, kwamba sitaki. Katika vitu vyote vilivyobaki kwangu, kutaka kubaki na Alhamisi yangu ndicho pekee nilichoweza kukitaja.

Nikarudi kilabuni mwezi wa kumi. Niliotesha ulezi wangu, nikauanika, nikausaga, nikapika uji, nikaupoza, nikatia kimea, nikafunika. Mikono ilijua kazi. Siku ya nne nikachovya kidole na kulamba.

Sikusikia kitu.

Nikachovya tena. Ilikuwa kama kulamba ukuta. Nikakimbilia chumvi, nikaweka ulimini: mchanga. Nikatafuna pilipili, jasho likatoka, macho yakatoa maji, ladha hakuna. Ulimi wangu ulikuwa umekufa ganzi kama mwili wangu wote. Hapo ndipo niliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa ya mbali, kama ya jirani.

Ningefanya nini? Ningemwambia nani kwamba mpika pombe hana ulimi? Alhamisi ilipofika nilivaa kaniki yangu, nikasimama katikati, nikachota kata ya kwanza, nikainywa yote mbele ya watu. Nikaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa. Nilikuwa nadanganya kwa kinywa kilichojaa. Nikapeleka kata ya pili kwenye benchi, nikasimama kungoja kuimbwa.

Waliionja. Mchonga vigoda alifumba macho. Fundi wa rangi alitazama kata, akanitazama mimi, akatazama ukutani, pale ligombo lilipotundikwa bila kuguswa na mtu tangu lirudi. Halafu akaanza kunisifu. Alinisifu kwa jina la baba yangu na la babu yangu, kwamba mikono yangu ina asali, kwamba Bwana Afya mwenyewe anaota pombe yangu. Wenzake wakaitikia. Nikarudi kwenye vyungu vyangu nikiwa nimeokoka.

Alhamisi iliyofuata wakanisifu tena. Na iliyofuata. Vyungu vilikwisha kila jioni kabla ya kengele. Watu wa pwani wana methali yao, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji. Mimi sikujua ninatia nini. Nilipika kwa kukumbuka, nikahesabu siku kwa vidole, na kila wiki nilinywa kata yangu mbele ya watu kama mtu anayekunywa dawa ya mwenzake. Nilijiambia labda mikono imeweza bila ulimi. Nilijiambia shemeji akija atakuta vyungu vitupu na sifa tele. Furaha? Sikuwa nayo. Lakini mtu hufurahia nini zaidi ya kuachwa alipo?

Jambo moja tu lilinisumbua. Mume wangu hakuwahi kunisifu hivyo, na yeye alikuwa ananipenda.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mawingu yamejaa na ulanzi, ile pombe ya mianzi, bado kuanza kutoka, aliingia kilabuni Mngoni mmoja, mpiga ngoma, amekuja na lori kutoka Songea. Mtu mfupi, sauti kubwa. Alikwenda moja kwa moja akakaa kwenye benchi bila kuuliza, akaambiwa, "Haya, piga," akachukua ngoma akapiga mpaka mabati yakajibu. Wakamkaribisha. Nami nilikuwa nimekwisha kunywa kata yangu ya kwanza, nikawapelekea ya pili, na kwa heshima ya mgeni wakampa yeye aanze.

Akapiga funda moja.

"Ptuu!" Akatema yote sakafuni, karibu na miguu yangu. "Enyi wala mbwa!" akapaza sauti, kwa jina ambalo watani hututania nalo sisi Wahehe. "Ninyi hamtaki kutuua kwa vita tena, sasa mnatumia vyungu?"

Fundi wa rangi akamshika mkono, akamnong'oneza. Nilisikia neno "mjane". Mngoni akautoa mkono wake.

"Mjane ndiyo nini? Mjane hana pua? Mtani," akanigeukia, "nani kakufundisha kupika, fisi? Hii ni siki! Na wewe umeinywa kata nzima bila kukunja uso. Una ulimi wewe, au umeuacha Mbeya?"

Hakujua chochote kuhusu Mbeya yangu. Kwake Mbeya lilikuwa jina tu la barabara. Lakini lilinifikia.

Niliweka kata chini. Nikawauliza watu wa benchi, mmoja mmoja kwa macho, "Ni kweli?" Mchonga vigoda aliinama akawa anachunguza vidole vya miguu yake. Nikamuuliza fundi wa rangi kwa mdomo. Akasema, "Shemeji, uko kwenye majonzi. Tulisema tukuache kidogo."

"Kidogo gani? Wiki ngapi?"

"Tangu uliporudi."

"Na vyungu vinavyokwisha?"

Akatazama dirisha lililokuwa nyuma yake. Sikusubiri jibu. Nilitoka nje, nikazunguka banda, nikafika chini ya lile dirisha. Palikuwa na mpapai pale. Mwezi wa sita ulikuwa umebeba mapapai mpaka tuliuwekea mti wa kuuegemeza. Sasa ulisimama umenyauka, majani ya manjano yananing'inia, shina limelainika chini, na ardhi yote kuuzunguka ilikuwa imelowa, ina povu lililokauka na nzi wasiohesabika. Pombe yangu yote ya wiki zile. Waliinunua, wakaisifu, wakaimwaga dirishani nyuma ya migongo yao bila kugeuka. Nilivuta hewa kwa pua. Hata harufu sikuipata.

Nilisimama pale, na taratibu nikaanza kusikia kitu. Nilikitambua baadaye kidogo: ilikuwa hasira. Hasira safi, kama ile ya Alhamisi ya kwanza. Watu hawa walikuwa wamenizika! Mume wangu yuko Mbeya chini ya udongo, na mimi wamenizika hapa Iringa nikiwa nimesimama, wananiimbia sifa kama wanavyowaimbia marehemu. Maana nani asiyejua kwamba maiti hasemwi vibaya?

Nilirudi ndani. Nikaenda ukutani nikalitungua ligombo. Lilikuwa na vumbi. Nikalipeleka kwa fundi wa rangi nikamwekea mapajani.

"Piga."

"Shemeji, mimi si mpigaji."

"Piga nimesema. Wimbo wangu. Ule alionitungia."

"Shemeji, mwenyewe hayupo..."

"Mwenyewe hayupo ndiyo, amekufa!" Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo. "Amekufa, amezikwa, na pombe yangu ni mbaya. Mnataka nini zaidi? Mkinisifu tena leo naondoka, nakwenda kuwa mke wa tatu nyuma ya zizi la shemeji yangu, na damu yangu iwe juu yenu."

"Lo!" akasema Mngoni. "Mpigieni huyu mama kabla hajatula kama mbwa wake."

Mtu mmoja mlangoni alicheka, akajishika mdomo. Fundi wa rangi akaanza kukwaruza nyuzi. Alipiga vibaya. Nyuzi zililegea, na vidole vyake vilikuwa vya brashi. Nzi ameonja, amerudi kwao kuaga. Mngoni hakujua maneno lakini alikamata mwendo, akaweka ngoma chini yake. Mbuzi ameonja, amesahau zizi lake. Mchonga vigoda akaitikia, halafu benchi zima, halafu kilabu. Na mimi nikacheza. Miguu ilikuwa mizito kwanza, nikaivuta tu kama mizigo ya mtu mwingine. Mama mgeni, umetupikia nini? Walipofika hapo walikuwa wanacheka wazi, wananionyesha kwa vidole, mwanamke mwenzangu wa Jumanne ananipigia vigelegele vya dhihaka, na Mngoni anapaza sauti kwamba hata fisi wa Songea wanapika kunishinda. Nilitazama mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Palikuwa patupu. Nikacheza nikipatazama vilevile mpaka wimbo ukaisha.

Baada ya hapo sheria inataka uonje tena kabla ya kumwaga. Nilichota kata, nahema, jasho linanitoka. Nikanywa funda moja. Nyuma kabisa ya ulimi, karibu na koo, kitu kikanichoma. Nikanywa funda la pili ili nihakikishe.

"Ni chachu," nikasema. "Jamani, ni chachu."

"Si nilisema?" akajibu Mngoni, na watu wakaangua kicheko upya, na katikati ya kicheko hicho mimi nikakaa chini sakafuni, kata mkononi, nikamlilia mume wangu. Nililia kwa sauti, kamasi zinanitoka, mchana kweupe. Hakuna aliyenipa pole. Mngoni aliendelea kunitukana taratibu, kwamba ninaongeza maji kwenye pombe ya watu, mpaka nikawa nalia na kucheka pamoja. Halafu niliinuka nikaenda kumwaga vyungu vyote vitatu kwa mkono wangu. Nilivimwaga mbali na ule mpapai, ingawa ulikuwa umeshakufa.

Nisidanganye kwamba ulimi ulirudi wote siku hiyo. Uchachu ndio uliotangulia. Chumvi ilirudi baada ya siku kadhaa, na utamu ulikaa huko ulikokwenda karibu mwaka mzima. Lakini mpika pombe mwenye kusikia uchachu ana pa kuanzia. Alhamisi ya kwanza baada ya wimbo sikupeleka chungu. Pombe ilikuwa chachu na safari hii nilijua mwenyewe, nikaimwaga nyumbani. Ya pili vilevile. Ya tatu mvua ilikuwa imeanza, na nilipofika kilabuni nilikuta baiskeli ya shemeji imeegemezwa ukutani, ina kamba mpya mbili za kufungia vyungu.

Shemeji alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini. Nilimsalimu kwa kupiga goti. Akauliza, "Kazi inakwendaje?" Nikamwambia, "Ngoja."

Nilisimama katikati, nikachota kata ya kwanza, nikanywa, na safari hii nilionja. Nikapeleka kata ya pili kwenye benchi. Fundi wa rangi aliipokea. Ligombo lilikuwa mapajani mwake, tangu siku ile hakuna aliyelirudisha ukutani. Alionja, akaonja tena. Nilijua kwamba akianza kunisifu kwa jina la babu yangu nitakwenda mwenyewe kuzileta zile kamba.

Aliweka kata chini polepole.

"Inanyweka," akasema.

Nikaenda kumchotea shemeji.